Maneno Yaliyogeuka

Wengi wetu tukisoma Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa mwaka wa 1611, zamani za mfalme James, twadhani twaifahamu kwa kuwa maneno yake twayajua. Lakini maneno nayo huzeeka na kugeuka. Neno "let" leo maana yake ni kuruhusu. Lakini Paulo awaandikiapo Warumi kwamba alikusudia kwenda kwao, neno lilo hilo lasema kwamba alizuiwa. Asiyejua hufahamu kinyume.

Tena tutazame Luka 22, Bwana asemapo na Simoni. Siku hizi "you" huambiwa mmoja na wengi pia. Lakini katika kitabu hicho "you" ni ya wengi, na "thee" ni ya mmoja. Basi Shetani aliwataka wanafunzi wote, na ombi la Bwana lamtaja Petro mmoja, ili naye awaimarishe ndugu zake.

Kiswahili chetu hakikupoteza wewe na ninyi. Basi tusomapo, tuviweke vitabu viwili pamoja, tuulize: Aambiwaye ni nani? Na neno hili siku zile lilikuwa na maana gani?