Dirisha la Dwejra: Kuanguka kwa Mwamba na Kubaki kwa Jina

Asubuhi ya tarehe 8 Machi, 2017, katika dhoruba kali, tao la mwamba lililosimama baharini penye ghuba ya Dwejra, kisiwani Gozo katika nchi ya Malta, lilianguka. Halikumeguka kipande. Lilianguka zima, tao pamoja na nguzo yake, na pale lilipokuwa hapakusalia kitu juu ya maji.

Wakati huo nilikuwa masomoni Uingereza. Mwanafunzi mwenzangu, mzaliwa wa Gozo, aliingia darasani, akaketi, akasema maneno mawili ya lugha yake: It-Tieqa waqgħet, yaani "Dirisha limeanguka." Hakusema dirisha gani. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini hakuhitaji kusema, na kwa nini jambo hilo latuhusu sisi tunaosomesha lugha katika Afrika.

Yafaa kwanza tukieleze kitu chenyewe. Tao hilo lilikuwa na kimo cha mita 28 hivi, nalo lilikuwa la mawe ya chokaa yaliyojengeka chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Bahari iliyoyajenga ndiyo iliyoyatoboa, na ndiyo hatimaye iliyoyabomoa. Hapana mtu aliyelichonga wala aliyeliharibu kwa makusudi. Katika miaka ya 1980 mawe makubwa yalianguka kutoka taoni, na mwaka wa 2012 yakaanguka mengine. Uchunguzi wa kijiolojia uliofanywa mwaka wa 2013 ulikiri kwamba mmomonyoko haukwepeki, ila ulitumaini kwamba tao lingedumu kwa miongo kadhaa. Miezi michache kabla ya tukio, serikali ilipiga marufuku kutembea juu yake na kuweka faini ya Yuro 1,500. Hivyo basi msiba huu haukuwajia watu wa Gozo kwa ghafla. Walikuwa wakimuuguza mgonjwa ambaye tabibu alikwisha kusema kwamba hatapona, ingawa hakuna aliyetaraji kwamba angeondoka mapema namna ile.

Huenda msomaji akasema kwamba mapenzi ya tao hili yaliletwa na watalii na wapiga picha za sinema. Ni kweli kwamba lilionekana katika filamu ya Clash of the Titans ya mwaka 1981, na katika mfululizo wa televisheni wa Game of Thrones mwaka 2011. Ni kweli pia kwamba ulimwengu ulilijua kwa jina la Kiingereza, Azure Window, yaani "Dirisha la Samawati." Walakini, mwenzangu hakulia kwa Kiingereza. Hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kutua na kuyachungua majina.

Kimalta ni lugha ya ukoo wa Kisemiti iliyotokana na Kiarabu cha Sicily, baada ya Waislamu kuitwaa Malta mwaka 870. Wanormani walifika mwaka 1091, wakafuatwa na watawala wengine. Mashujaa wa Mtakatifu Yohana walitawala kuanzia 1530 hadi 1798, na Waingereza wakashika nchi hadi uhuru wa mwaka 1964. Katika karne hizo zote lugha ilipokea mafungu makubwa ya maneno ya Kisicily na Kiitaliano, na ikaandikwa kwa herufi za Kirumi, ila mifupa yake ilibaki ya Kisemiti. Kiswahili kimekwenda njia iliyo kinyume: mifupa ni ya Kibantu, na maneno mengi yaliyopokewa ni ya Kiarabu. Kwa hiyo lugha hizi mbili, zisizo na udugu, hupatana sokoni. Mmalta husema dinja, nasi dunia. Husema baħar, nasi bahari. Husema ktieb, nasi kitabu. Husema aħbar, nasi habari.

Sasa tuyarudie majina ya tao. Katika Kimalta liliitwa It-Tieqa ż-Żerqa, "Dirisha la Buluu," na pia It-Tieqa tad-Dwejra, "Dirisha la Dwejra." Dwejra ni umbo la udogo la neno dar, nyumba, neno lile lile tulilonalo mwanzoni mwa jina la Dar es Salaam. Kwa hiyo jina hili la pili, likifasiriwa neno kwa neno, ni "Dirisha la Kijumba." Tofauti kati ya majina hayo si ndogo. La kwanza lasifu sura: rangi ya mbingu na maji iliyoonekana kupitia uwazi. La pili lataja mahali. Sura ilipoondoka, jina la sura lilibaki bila kinachotajwa. Rangi ya buluu ingali ipo, lakini haina fremu. Jina la mahali halikupatwa na hasara hiyo. Dwejra ingalipo, na anayeuliza "Dirisha la Dwejra liko wapi?" bado aweza kuonyeshwa pahali na kuambiwa, "Lilikuwa hapa." Ndiyo maana nasema kwamba jina linaloshikamana na mahali huhifadhi zaidi kuliko jina linalopamba.

Jirani na lilipokuwa tao pana kisiwa cha jabali kiitwacho Il-Ġebla tal-Ġeneral, "Jiwe la Jenerali." Juu yake huota mmea mwekundu ulioaminiwa zamani kuwa huzuia damu, na mwaka wa 1746 Mkuu wa Mashujaa, Manuel Pinto da Fonseca, alikataza watu kupanda huko. Dawa imesahauliwa na amri imekufa, lakini jina bado lasimulia. Neno ġebla nalo lastahili kutazamwa. Katika Kiarabu jabal ni mlima. Katika Kimalta neno hilo limeshuka likawa jiwe, kwa kuwa mlima umechukuliwa na neno la Kirumi, muntanja. Katika Kiswahili limeshuka vilevile likawa jabali, yaani mwamba mkubwa, kwa kuwa mlima tulikuwa nao tangu asili. Lugha mbili zilizo mbali zimeupokea mlima mmoja, na kila moja ikaumega kwa kadiri ya nafasi iliyokuwa nayo. Mawe humomonyoka, na maana za maneno humomonyoka pia. Lakini neno lililomomonyoka laendelea kufanya kazi.

Kuna ushahidi mwingine ulio mzito zaidi. Maandishi ya kifasihi ya kale kuliko yote katika Kimalta ni shairi liitwalo Il-Kantilena, lililotungwa katika karne ya 15 na Pietru Caxaro, na kutangazwa kwa wasomi mwaka wa 1968. Mada yake ni nyumba iliyoanguka. Mjenzi alitarajia kupata mwamba wa kuwekea msingi, akakuta udongo laini. Kitenzi kinachotaja kuanguka kwa nyumba hiyo ni kile kile alichokitumia mwenzangu darasani. Hakikuwa kitenzi cha mapambo. Ni neno la kila siku. Lakini kwa mtu aliyelelewa katika lugha hiyo, msiba wa mwaka 2017 ulikuta mahali palipokwisha kutayarishwa, kwa kuwa fasihi yao ilianzia katika kilio cha jengo lililokosa mwamba.

Baada ya tao kuanguka, yalitolewa mapendekezo ya kujenga jingine, likiwamo la mwaka 2018 la umbo la chuma. Naona pendekezo la namna hiyo lakosea swali. Lingerudisha sura tu, ilhali kilichopotea kwa mwenye lugha si sura peke yake.

Haya yatupeleka nyumbani. Huko Seme, Kisumu, lipo rundo la miamba liitwalo Kit Mikayi. Katika Kijaluo kidi ni jiwe, na neno hilo hugeuka kuwa kit linapofuatiwa na mwenyewe; mikayi ni mke wa kwanza katika boma. Mwaka wa 2019 UNESCO iliingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka mila na desturi zinazohusu mahali hapo. Hawakuorodhesha mawe, bali yale ambayo watu huyasema na kuyatenda mbele ya mawe. Uamuzi huo ni funzo kwa idara zetu. Majina ya miamba, vilima na visima vya nchi hii yamo zaidi katika vinywa vya wazee kuliko katika vitabu, na mara nyingi ramani imeyaandika vibaya au imeyaacha kabisa. Hatuwezi kuzuia mwamba usianguke. Twaweza kumwuliza mzee jina lake, maana yake na umbo lake la kisarufi, tukaandika kabla hajaondoka yeye. Siku mwamba utakapoanguka, mtoto wa mahali pale aweze kusema maneno mawili tu, na asiulizwe ni mwamba gani.