Mgeni wa Kaskazi

Desemba ya Lamu hupangwa Septemba. Ukingoja hadi Novemba, chumba cha maana Shela umeshakikosa, na hata nyumba za wageni za ndani ndani huku Mkomani zinaanza kukujibu "labda Januari." Mzungu anaikimbia baridi ya kwao. Mtu wa Nairobi anakimbia foleni, bosi, na shangazi wanaotaka kujua ataoa lini. Wote wanateremka gati moja, wiki ileile, na kila mmoja anaamini kwamba tarehe ameichagua mwenyewe.

Hakuichagua. Watu walikuwa wakifika Lamu Desemba, Januari na Februari karne nyingi kabla ya likizo ya Krismasi kujulikana pwani hii, na wala hawakuwa na la kusema kuhusu tarehe. Upepo ndio uliopanga. Sisi tumerithi kalenda yake bila kujua, na tulichobadilisha ni kimoja tu: siku ya kuondoka. Ninavyoona mimi, hicho kimoja ndicho kimeigeuza Mkomani kuliko vita na ukoloni.

Mambo yenyewe ni hivi. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Machi huvuma Kaskazi. Asia imepoa, bahari ya huku ina joto, hewa inateremka kutoka upande wa Uarabuni na India kuja kwetu. Ni upepo mpole kiasi, mbingu safi, na ndiyo maana hata leo picha zote za Lamu unazoziona mtandaoni ni za Kaskazi. Aprili upepo unageuka. Kusi linaingia kutoka kusini, na mvua na mawimbi, linatawala hadi Agosti au Septemba. Baina ya hizo mbili ni maleleji, upepo usiojua unataka nini, halafu demani, Kusi linapochoka na bahari ikatulia.

Kwa hiyo nahodha wa Sur, Mukalla au Kuwait alikuwa na njia moja: anashuka na Kaskazi akiwa na tende, samaki wakavu, mazulia na vyombo, kisha anarudi na Kusi akiwa na boriti, nafaka na pembe. Hapo katikati anangoja. Si wiki. Miezi.

Anayedhani kungoja ni uvivu na asome habari za Vasco da Gama. Aprili 1498 aliondoka Malindi na rubani aliyeijua bahari, Kusi likaanza kumsukuma, na chini ya mwezi mmoja alikuwa Calicut. Kurudi akajiona fundi. Akaondoka India mwanzoni mwa Oktoba, Kaskazi haijaingia sawasawa, akakaa baharini karibu miezi mitatu. Mabaharia wake wapatao 30 walikufa kwa kiseyeye. Alipofika Malindi tena, Januari 1499, watu hawakutosha kuendesha meli zilizobaki, na baada ya kuondoka hapo wakaichoma moto moja, São Rafael. Pwani nzima ingemwambia bure: ngoja kidogo, mzee.

Sasa mgeni anayelazimika kungoja miezi mitatu minne unamweka wapi? Hoteli hakuna. Ibn Battuta alilijibu swali hili mwaka 1331, ingawa si kwa Lamu bali kwa Mogadishu, bandari iliyo juu yetu kwenye upepo uleule. Meli ikitia nanga, anasema, vijana wa mji huja kwa mashua ndogo, kila mmoja na sinia la chakula lililofunikwa. Kijana humkabidhi mfanyabiashara mmoja sinia lake na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mgeni hulala kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Ukifanya biashara na mgeni kwa kumpitia pembeni mwenyeji wake, mji hauihesabu biashara hiyo.

Mkomani walilijibu kwa mawe. Mkomani ni upande wa kaskazini wa mji wa Amu, mitaa ya waungwana, wenye nyumba za matumbawe za ghorofa na vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana mmoja lazima asali amri. Ukiingia nyumba ya zamani unaanza na daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili. Hapo ndipo mtu asiye wa ndani anapopokewa na, mara nyingi, ndipo anapoishia. Ukipita mlango kuna tekani, kijichumba kinachokunja kona ili jicho la barabarani lisifike kiwandani. Halafu kuna sabule, chumba cha mgeni, kimewekwa kando ili mtu aingie na kutoka bila kupita walipo wanawake wa nyumba. Mgeni analala ndani ya nyumba lakini nyumba yenyewe haioni. Vyumba vyote ni vyembamba na virefu kwa sababu dari imebebwa na boriti, na boriti ya mkoko haivuki mbali: kama mita mbili na nusu, tatu hivi, basi. Ile ile boriti ambayo mgeni atapakia kwenda nayo kwao, kwenye nchi isiyo na miti, ndiyo anayoitazama usiku akiwa amelala chali akihesabu siku za Kusi.

Fikiria hesabu ya maisha hayo. Mzigo wake uko ghalani kwako. Anakula kwako. Akikudhulumu, atakimbilia wapi? Kusi halijaingia. Wewe nawe ukimdhulumu, Kaskazi ijayo atalala Pate, na binamu zake wote watalala Pate. Hakuna mkataba ulioandikwa na wakili utakaoshinda upepo unaowafungia watu wawili mji mmoja robo nzima ya mwaka. Baadhi ya wageni walioa, na wengine Kusi likaja wakaacha lipite. Ndiyo maana ukiuliza nasaba Lamu, baada ya dakika mbili uko Hadhramaut.

Lakini tusipambe. Blogu za usafiri hupenda kuzungumzia "ukarimu wa Waswahili" kama vile ni manukato yaliyo hewani. Ukarimu wa sabule uligharimu jasho, na jasho hilo halikuwa la mwenye nyumba. Mashamba ya bara, ng'ambo ya mkondo, yaliyotoa mtama na ufuta aliosafirisha mgeni, yalilimwa na watumwa. Maji ya kuoga yalichotwa na watumwa. Wageni maskini, Wangazija na Mahadhrami wa hali ya chini na Wabajuni, hawakupewa sabule ya mtu. Walijenga makuti upande wa kusini, Langoni. Huko ndiko Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija, alikoanzisha msikiti wa Riyadha na kufundisha bila kuuliza mtoto ni wa nani. Leo Maulidi ya Riyadha huleta wageni wengi Lamu, na ukumbi wake ni Langoni, si Mkomani. Historia ina ucheshi wake.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, biashara ya nchi ilikuwa imeshageuza uso kuelekea Mombasa. Mwaka 1907 utumwa ukafutwa kisheria pwani ya Kenya, na mashamba ya bara yakabaki bila mikono. Mkomani ikaanza kubomoka taratibu, ukuta mmoja kila msimu wa mvua. Majahazi hayakukoma mara moja. Mwaustralia Alan Villiers alipanda jahazi la Kuwait msimu wa 1938 na 1939, akashuka nalo Kaskazi hadi delta ya Rufiji kupakia boriti, akarudi nalo Kusi. Lakini alikuwa ameshajua kwamba anaandika habari za kitu kinachokwisha. Mafuta ya Ghuba yalipochimbwa, chuma na saruji vikafuata, na boriti ikabaki kwetu.

Kisha akaja mgeni wa aina mpya, na huyu alianza kitabuni. Mwaka 1887 Mwingereza H. Rider Haggard alichapisha riwaya yake *Allan Quatermain*, ambamo mashujaa wanaanzia safari yao Lamu. Haggard alipoandika hakuwa amekanyaga hapa. Kaka yake, Jack, ndiye aliyekuwa mwakilishi wa kibalozi wa Uingereza Lamu miaka ya 1880. Yaani mtu kakaa Uingereza, kapaka kisiwa rangi anazotaka, kakiuza. Ukiifikiria vizuri, hiyo ndiyo kazi nzima ya utalii tangu wakati huo.

Miaka ya 1960 na 1970 walifika vijana wa nywele ndefu, mabegi mgongoni, waliosikia kwamba Lamu ni Kathmandu ya Afrika. Hawa, niwatetee kidogo, walikuwa bado wanafanana na wageni wa jahazi: hawakuwa na haraka, walikaa miezi, walikula walichokula watu. Lakini walikaa kwa kupenda. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa Shela mwaka 1967, na polepole mabegi ya mgongoni yakawa masanduku ya magurudumu, jambo ambalo kwa vichochoro vyetu ni adhabu. Mwaka 2001 UNESCO ikauweka mji mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia.

Siku hizi ndege ikitua Manda, mtu anavuka kwa boti, analala siku nne, anaondoka. Akiudhika, anaondoka kesho. Zile nguvu mbili zilizokuwa sawa, mgeni aliyenaswa na mwenyeji anayemhitaji arudi, zimelala upande mmoja.

Tazama nyumba. Nyumba ya Mkomani ikirithiwa, hugawanyika kwa mafungu ya sheria: watoto, wajane, halafu watoto wa watoto, mmoja Mombasa, mmoja Jeddah. Chokaa na boriti za kukarabati ni ghali, na kanuni za urithi hazikuruhusu kuezeka ovyo. Mara anatokea mtu aliyekuja Kaskazi moja kupumzika akapapenda. Ana yuro. Warithi kumi na mmoja wanatazamana. Mimi simlaumu anayeuza. Ukiwa na ada ya shule na paa linalovuja, "urithi wa dunia" hauliwi. Lakini matokeo yake ni kwamba mgeni ambaye zamani alipewa sabule sasa ana ghorofa zote, na mwana wa nyumba anaingia kwa mlango wa pembeni kama mpishi au mlinzi. Na mwenye nyumba akirudi Ulaya Aprili, madirisha yanafungwa, taa zinazimwa, mtaa unakuwa na mapengo kama meno ya mzee.

Mwaka 2011 tuliona pia nani hasa anaifunga bahari siku hizi. Septemba 11, Mwingereza aliuawa Kiwayu na mkewe akatekwa kupelekwa Somalia. Oktoba 1, Mfaransa mmoja akachukuliwa kutoka Manda. Alifia mikononi mwa watekaji. Serikali za Ulaya zikawaambia raia wao wasiende. Kaskazi ilivuma mwaka huo kama kawaida, mbingu safi, bahari shwari, na manahodha wa mashua walikaa gatini wakicheza bao. Kisha Juni 2014 Mpeketoni ikashambuliwa, watu wapatao 60 wakauawa, na kaunti nzima ikawekewa kafyu ya usiku. Mvuvi wa Lamu huvua usiku. Kwa hiyo mara moja, bila mgeni na bila samaki. Hakuna nahodha wa Muscat aliyewahi kuufungia mji huu mdomo kwa barua ya ukurasa mmoja.

Waliokuja kujaza pengo, tuseme ukweli, ni sisi watu wa bara. Wale wa Nairobi wanaopanga kwenye WhatsApp, watu kumi na wawili, nyumba moja, kila mtu atume mchango kabla ya Ijumaa, wanne wajitoe Jumatano. Wengine wanafika kwa ndege, wengine kwa basi la Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, halafu boti. Tunapiga kelele, tunavaa vibaya karibu na misikiti, na kule kwenye daka za watu tunaketi kupiga picha bila kusalimu. Lakini hatukungoja ruhusa ya ubalozi.

Sasa, kama unapanga na pesa ni chache, kuna jambo ambalo halipo kwenye matangazo. Baridi ya kwetu ni Juni na Julai, ule ukungu wa Nairobi unaoingia hadi kwenye mifupa, na watu wengi huota Lamu wakati huo huo. Ni Kusi. Hoteli kadhaa kubwa hufunga Mei na Juni. Usipange Kiwayu, mawimbi ya nje ya mwamba si ya mchezo, na nahodha mwenye akili atakukatalia hata ukiongeza pesa. Mvua itakushika kichochoroni. Lakini chumba Mkomani utakipata siku hiyohiyo, kwa bei ya kuongea. Na ukitembea au ukipanda punda hadi Matondoni, upande wa pili wa kisiwa, unaweza kukuta mashua zimekokotwa ufuoni, mafundi wanazitia kalafati, pamba ikigongwa kwenye nyufa za mbao moja moja, harufu ya sifa, yale mafuta ya papa, imejaa hewani. Watakukaribisha uketi. Hawana haraka, demani bado.