Tak-Tak Katika Santuri za Zamani

Leo tutazungumza juu ya jambo dogo liwaudhilo watu wengi, nalo ni ile milio ya "tak, tak" isikikayo santuri ya zamani ipigwapo. Wako wasemao, "Hii imekwisha kazi, itupwe." Ngojeni kwanza. Tuulize milio hiyo yatoka wapi.

Mwaka 1928 mwimbaji mashuhuri wa Unguja, Siti binti Saad, alivuka bahari mpaka Bombay, India, akaimba mbele ya mitambo ya His Master's Voice. Santuri zake zikauzwa Afrika ya Mashariki. Siti alifariki mwaka 1950. Leo anayetaka kuisikia sauti yake hana njia ila santuri za miaka ile, au nakala zilizotolewa humo. Kwa hiyo shida ya tak-tak si jambo la mchezo.

Santuri zile zilitengenezwa kwa kitu gani? Mnaijua lakiri, ile iliyoyeyushwa kufungia barua. Asili yake ni utomvu wa wadudu wadogo wakaao juu ya matawi ya miti huko India. Utomvu huo ndio uliofanyiwa santuri, ukachanganywa na unga wa mawe. Unga uliwekwa makusudi, ili uisage sindano ya chuma ipate kukaa sawasawa ndani ya mfereji wa sauti. Ndiyo sababu watu walishauriwa kubadili sindano kila upande mmoja ulipokwisha. Unga huo ndio uletao ule mchakacho usiokoma.

Lakini tak ni jambo jingine. Tak hutokea sindano inapopiga vumbi, ufa au mkwaruzo. Fikiri mkwaruzo mmoja utokao ukingoni mpaka katikati. Santuri huzunguka mara 78 kwa dakika, na kila mzunguko sindano hukutana na mkwaruzo ule ule. Kwa wimbo wa dakika tatu utasikia tak 234, na kosa ni moja tu!

Watu wamejitahidije kuiondoa? Mwaka 1935 Wajerumani walionyesha mjini Berlin mtambo wa kunasa sauti katika utepe wa sumaku. Baadaye mafundi walinakili santuri katika utepe, wakatafuta penye tak, wakakata kwa wembe na kuunga tena. Kazi hiyo ilitaka subira, kwani utepe uendao sentimita 38 kwa sekunde hubeba tak fupi katika nafasi isiyofika nusu milimita.

Siku hizi kompyuta hugeuza sauti kuwa hesabu, kwa kawaida 44,100 kwa kila sekunde. Hutafuta mahali hesabu zinaporuka ghafula, ikayafuta, ikaziba pengo kwa kufuata sauti za jirani. Ni kazi ya ajabu, lakini ina hatari. Kidole kinachopiga dumbak nacho huanza kwa ghafula. Fundi mwenye pupa huondoa tak pamoja na ngoma, na aliyekufa hawezi kuitwa aimbe tena. Kwa hiyo wahifadhi wa sauti wana kanuni hii: nakala ya kwanza huwekwa kama ilivyo, pamoja na tak zake zote, usafishaji hufanywa katika nakala ya pili.

Nawe, ikiwa nyumbani mna santuri za wazee, shika haya. Usizifute kwa spiriti, kwa maana spiriti huyeyusha utomvu ule. Ondoa vumbi kwa brashi laini. Zisimamishe wima, mbali na jua. Usizipige kwa sindano ya santuri za plastiki, kwani mfereji wake ni mwembamba zaidi. Tafuta sindano inayozifaa.

Tak haikuimbwa na mwimbaji. Ni alama ya vumbi na mikono iliyopitia santuri. Usiitupe sauti kwa sababu ya alama hiyo.

Sasa jadilianeni kikundini:
1. Kwa nini mkwaruzo mmoja huleta tak nyingi?
2. Kwa nini nakala ya kwanza isisafishwe?
3. Ni nani kijijini kwenu aliye na santuri za zamani, na zimewekwaje?