Chensoo Ilikotoka, na Kwa Nini Haisomwi kwa Kutazama

Wengi mnaniuliza bei ya chensoo. Kabla ya bei, nikupe kwanza historia yake kidogo.

Wazee wetu walipasua mbao kwa msumeno wa mikono juu ya shimo. Mmoja alisimama juu ya gogo akifuata mstari, mwenzake alikuwa shimoni akivuta, unga wa mbao ukimwingia machoni. Kijana mgeni alianzia chini. Hakupanda juu mpaka fundi aridhike naye. Cheti hakikuwepo, lakini hakuna aliyejifunza peke yake.

Mashine ilianzia mbali. Mwaka 1926 Andreas Stihl wa Ujerumani alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme, na mwaka 1929 akatoa wa petroli. Huo ulikuwa na kilo 46 hivi, pungufu kidogo ya mfuko wa saruji, na ulishikwa na watu wawili. Meno ya minyororo ya wakati ule yalikwaruza mti na kuisha makali upesi. Huko Oregon, Marekani, mkata miti Joseph Cox alimwangalia buu wa mbawakawa akila kisiki, akaona anatafuna kushoto na kulia. Akaiga. Mwaka 1947 alianza kuuza mnyororo wa namna hiyo, na ulio kwenye mashine yako ni wa ukoo huo.

Katika miaka ya 1950 mashine zikawa nyepesi kiasi cha kubebwa na mtu mmoja. Kila mtu alishangilia. Lakini mimi naona hapo ndipo tulipopoteza kitu: yule mtu wa pili, aliyekuwa akikuona ukikosea.

Majeraha yakafuata. Mtetemo uliwafanya watu vidole vife ganzi na kuwa vyeupe, ndipo miaka ya 1960 zikaja mashine zenye mipini iliyotengwa na injini kwa mipira. Ncha ya bamba linalobeba mnyororo ikigusa tawi, mashine huruka kumwelekea aliyeishika. Kwa sababu hiyo breki ya mnyororo ilianza kuwekwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Halafu huku vijijini nakuta mtu ameing'oa kinga ya mkono, ile ile inayofunga breki, eti inamzuia!

Mimi nilijibu haya yote vizuri kwenye mtihani wa diploma. Siku niliyoshika mashine kweli, ncha iligusa tawi lililojificha kwenye majani, ikaniruka usoni. Breki ikafunga. Mkufunzi aliizima, akanirudisha kwenye gogo lililolala chini, nikakaa hapo siku mbili.

Na ndivyo mafunzo yanavyopaswa kwenda. Unaishika kwanza ikiwa imezimwa. Unaiwasha ikiwa chini, breki imefungwa, mguu umekanyaga mpini wa nyuma. Kisha gogo. Mti uliosimama ni mwisho kabisa: unasafisha njia ya kukimbilia, nyuma kwa mshazari, unakata mdomo upande unakotaka uangukie, halafu unakata nyuma yake ukiacha bawaba, yaani sehemu isiyokatwa, kama moja ya kumi ya unene wa shina. Ukiikata bawaba yote, mti unachagua wenyewe pa kuangukia.

Nikipata watu sita kijijini kwako nitamwita mkufunzi. Njoo na buti ngumu na mashine yako, na kama uliing'oa ile kinga, irudishe kwanza.