SIMU NA FAMILIA, SEHEMU YA 4: Tangu enzi za redio, tunasikiliza na nani?

Leo turudi nyuma kidogo kwenye historia.

Huku kwetu Umatengoni wazee walikuwa na sengu. Watu wa ukoo walikula pamoja na hapo hapo wakashauriana. Habari ikija, wengi wanaisikia na kuipima.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, vikundi nchi nzima vilikaa kuzunguka redio. Wanasikiliza kipindi, wanasoma kijitabu, kiongozi aliyepewa mafunzo anaongoza mazungumzo, kisha wanakubaliana la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi ya mbu. Walishiriki karibu watu milioni 2. Usipoelewa, jirani yupo, unamuuliza.

Ila tusiisifie zamani kupita kiasi. Miaka ya 1980 ulienea uvumi wa "meno ya plastiki": kichanga akiharisha au akipata homa, watu wanamchimba ufizi. Watoto waliumia, na hapo simu za mkononi hazijafika. Kwa hiyo kukaa wengi peke yake hakutoshi. Lazima awepo anayejua.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia baharini. Kabla ya hapo intaneti ilitegemea satelaiti na bei ilikuwa kali. Novemba 2012 ikaanza Wazazi Nipendeni: mama alituma neno MTOTO kwenda 15001, bure, akapata ujumbe kulingana na wiki za mimba yake. Mama alisoma peke yake, sawa, lakini ujumbe ulimwambia aende kliniki. Ulimrudisha kwa watu.

Sasa tumefika kwenye simu janja na bando. Saa nane usiku mama ananyonyesha huku anaperuzi. Anaona mtoto wa mwenzake kanenepa, anaona aliyejifungua juzi tumbo limeshapungua. Hapo hakuna wa kumwambia, "hata wangu alikuwa hivyo hivyo." Anaanza kujiona hafai. Au anasikia sauti iliyosambazwa kwenye kundi kwamba homa ya kichanga ni ya meno tu, basi anasubiri asubuhi. Jamani, kichanga mwenye homa, anayekataa kunyonya au anayepumua haraka hasubirishwi.

Kwa hiyo mimi sisemi tupa simu. Nasema tusiachwe peke yetu nayo:

1. Ukipokea ushauri wa afya ya mtoto, usiufanyie kazi kabla ya kumuuliza mhudumu wa afya. Njoo nao kliniki, tuusikilize pamoja.

2. Baba, mama akijifungua, kaa naye usiku japo kidogo. Kulialia siku za mwanzo hutokea kwa wengi. Ikipita wiki 2 bado ana huzuni, mlete kituoni. Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, mlete saa hiyo hiyo.

3. Mtoto asinyamazishwe kwa simu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto chini ya mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku.

Nyumbani kwako, ujumbe wa afya ukiingia kwenye simu, huwa unamsomea nani? Niandikieni hapo chini. Sehemu ya 5 tutaongelea usingizi wa mama na mtoto.