Makaa ya Enugu na Watu wa Kuyachimba

Mwaka 1909 wajiolojia wa serikali ya kikoloni waligundua makaa ya mawe kwenye milima ya Udi, kusini-mashariki mwa Nigeria. Mgodi ukafunguliwa 1915. Mwaka uliofuata reli ya kutoka Port Harcourt ikafika Enugu, na hesabu ikaonekana rahisi: treni zinataka makaa, makaa yako chini, kilichobaki ni watu wa kushuka kuyatoa.

Watu walikuwapo, tena wengi. Ila Waigbo wa Udi walikuwa na mashamba yao ya viazi vikuu na masoko yao, na ni nani angeacha jua aende kutambaa gizani kwa ujira kiduchu? Maofisa waliliita jambo hili uhaba wa wafanyakazi. Neno hilo lina ujanja wake, kwa sababu haliulizi bei.

Kuliko kuongeza mshahara, walianza na wafungwa. Kisha wakawageukia machifu. Waingereza walikuwa wamewapa watu fulani hati za uchifu, katika jamii ambayo haikuwa na desturi ya mtu mmoja kutawala vijiji vingi. Aliyevuma zaidi ni Onyeama wa Eke, na huyo hakuwa mtu wa mchezo. Mgodi ukitaka vijana, vijana walipatikana. Familia iliyokataa ilijua kitakachoifika. Akatajirika. (Mwanawe, Charles, alikuja kuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Historia ina vituko.)

Sisi Wakenya hatuhitaji kutafsiriwa hadithi hii. Mwaka 1919 Gavana Northey alitoa waraka uliowataka maofisa na machifu "wawahimize" vijana waende kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Kila mtu kijijini alijua kuhimizwa na chifu ni kitu gani, na Harry Thuku aliusema wazi mpaka akakamatwa 1922.

Kule Enugu, kufikishwa mgodini hakukumaliza mambo. Msimamizi ndiye aliyegawa sehemu za kuchimba, na asiyetoa kitu kidogo alitupwa mahali pabaya. Msimu wa kupanda ukifika, baadhi ya wachimbaji walirudi makwao, na mameneja wakalalamika eti Mwafrika hajazoea kazi. Kwani shamba lilikuwa likizo?

Miaka ilivyosonga, mambo yakageuka. Mji ulikua, watoto wakapelekwa shule, mshahara ukawa tegemeo. Ndiyo maana kufikia Novemba 1949 shida ya mabosi ilikuwa nyingine kabisa: wachimbaji walikataa kutoka. Wakiongozwa na Isaiah Okwudili Ojiyi, walikuwa wamedai malimbikizo ya malipo yao na kufanya kazi polepole. Baadhi walipofutwa, wenzao wakabaki mgodini ili nafasi zao zisichukuliwe na wengine.

Tarehe 18 polisi walikwenda Iva Valley kuhamisha baruti za mgodi. Wachimbaji walikuwa wakiimba na kucheza, vitambaa vyekundu vimefungwa mwilini. Afisa aliyewaongoza polisi, Philip, aliona ngoma ya vita. Akaamuru risasi zipigwe. Walikufa watu 21.

Tume iliyoundwa kuchunguza ilisema afisa huyo alikosea katika kupima hali. Hakushtakiwa.