Saa Kumi na Moja Jioni: Historia ya Tuisheni Mtaani

Nikiwa kidato cha pili, 2019, nilipata alama 11 kwa 100 kwenye hesabu. Mwalimu alikuwa anasoma majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na mimi nilikuwa naomba kengele ilie kabla hajafika kwangu. Haikulia.

Aliyeniokoa hakuwa shule wala serikali. Ni msee wa mtaa wetu Kawangware, mwanafunzi wa uhandisi, aliyekuwa anatufundisha jioni kwenye kanisa la mabati. Tulikuwa 14, benchi tatu, ubao mmoja. Tulilipa 20 bob. Kama huna, unafagia na unaingia. Saa kumi na moja jioni tunaanza, stima ikipotea tunawasha tochi za simu.

Juzi nikajiuliza: hivi vyumba vya jioni vilianzaje? Mbona viko kila mahali, Kawangware hadi Kibera, na hakuna anayeviandika popote? Nikaanza kuchimba. Nilichokipata ni hiki: kila mara serikali ya nchi hii ilipofungua mlango wa shule, ilihesabu wanaoingia. Haikuuliza aliyebaki nyuma atashikwa mkono na nani.

Tuanze mbali kidogo. Kibera ilianza na askari Wanubi wa jeshi la Waingereza, King's African Rifles, waliopewa pale mahali pa kukaa mwanzoni mwa karne ya 20. Walipewa kukaa, hawakupewa hati. Kwa miaka mingi serikali, ya mkoloni na hata yetu, iliichukulia Kibera kama kambi ya muda. Na mtaa unaoitwa wa muda haujengewi shule za kudumu. Hati ya jamii ya Wanubi ilikuja 2017. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi.

Upande wa kwetu, Dagoretti ilikuwa sehemu ya kusini ya Kiambu. Huko Kiambu, baada ya ugomvi mkubwa na wamisionari mwaka 1929, wazazi Wakikuyu waliamua kujenga shule zao wenyewe, zikaitwa shule huru. Mwaka 1939 wakawa na chuo chao cha walimu pale Githunguri. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952, mkoloni akazifunga. Lakini wazo halikufungwa: kama hawatufundishii watoto, tutafundisha wenyewe.

Baada ya uhuru wazo hilo likapewa jina jipya, harambee. Vijiji vilichanga pesa, mawe na nguvu, vikajenga sekondari. Ila harambee inataka shamba la kujengea. Kibera huna hati, Kawangware unapanga chumba, utajenga shule ya harambee wapi? Kwa hivyo mtaani watu walikodi vyumba, wakagawanya kwa plywood, wakaita shule.

Halafu Januari 2003, serikali ya Kibaki ikatangaza elimu ya msingi bila malipo. Zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka madarasani nchi nzima. Ilikuwa furaha ya kweli, na siwezi kuichukua kwa mzaha. Lakini mwaka huo huo mtafiti Mwingereza, James Tooley, alizunguka Kibera akahesabu shule za kibinafsi: 76, zenye wanafunzi zaidi ya 12,000. Hizo ni za watu ambao wengi tungesema hawana kitu. Mbona walipe wakati kuna ya bure? Kwa sababu shule za serikali zilikuwa chache na ziko pembeni mwa mtaa, na madarasa yalijaa hadi mwalimu hawezi kujua jina lako. Usipojulikana jina, nani atagundua kwamba hujaelewa?

Mwaka 2008 ikaja sekondari ya kutwa, serikali ikitoa shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Mwaka 2018 ikapanda hadi 22,244, na ikaja ile sera ya kila mtoto wa darasa la nane lazima aingie kidato cha kwanza. Mimi ni wa darasa hilo la 2018. Tuliingia wote, wa alama 380 na wa alama 150, tukakaa dawati moja, tukapewa kitabu kimoja cha kemia. Ripoti za Uwezo zilikuwa zimesema tangu miaka ya 2010 kwamba ni watoto kama 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu wanaoweza kazi ya darasa la pili. Hao watoto hawakuyeyuka. Walikua, wakafika sekondari na pengo lao mfukoni.

Hapo katikati, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikuwa imepiga marufuku tuisheni ya likizo: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Naelewa sababu. Kuna shule zilikuwa zinawalipisha wazazi kwa lazima na watoto hawapumziki. Lakini sheria hiyo ilisema kisichoruhusiwa tu, haikusema aliyebaki nyuma asaidiwe wapi. Mtoto wa Lavington aliendelea kuletewa mwalimu sebuleni. Vuka barabara uingie Kawangware, sebule ndiyo chumba cha kulala, ndiyo jikoni.

Na usiniambie haiwezekani. Imewahi kufanyika hapa hapa Nairobi, upande ule mwingine wa jiji. Kuanzia 2013, shirika la utafiti la APHRC pamoja na vikundi vya vijana, Miss Koch kule Korogocho na U-Tena kule Viwandani, walianzisha masomo ya baada ya shule kwa wasichana wa shule ya msingi: kazi ya nyumbani, hesabu, kusoma, na mazungumzo ya maisha. Wazazi nao waliitwa kwenye vikao. 2016 wakaongeza wavulana. Waalimu wa jioni hawakutoka mbali, walikuwa vijana wa mtaa. Yaani ule mpango ulikuwa kama chumba chetu cha kanisa, tofauti ni kwamba wao walikuwa na bajeti na mtu wa kupima matokeo.

Halafu Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Mimi kidato cha tatu. Masomo yakahamia redioni, runingani na kwenye simu. Kwetu tulikuwa na simu moja ya kubofya, na mama alienda nayo kazini. Tulirudi shule Januari 2021. Kati ya wale 14 wa kanisani, tulirudi 9. Mmoja wa wale watano alikuwa ananishinda hesabu. Leo ana mkokoteni wa maji, na tukikutana bado ananiuliza, "Ulipata ngapi?"

Nilipata C. Si A, ni C. Lakini kutoka 11 hadi C ni safari, na najua ni nani alinibeba.

Hii si hadithi ya zamani pekee. Darasa la mwisho la 8-4-4 linafanya KCSE 2027. Baada ya hao hakuna wa kurudia nao mfumo huo. Walio na pengo leo hawana darasa la nyuma la kusubiri. Na wale wa gredi ya 10 walioanza 2026 wanahitaji maabara, intaneti na mahali pa kufanyia kazi za mradi, vitu ambavyo chumba cha futi kumi kwa kumi hakina.

Maoni yangu ni haya. Vyumba vya jioni vipo tayari. Visajiliwe bila usumbufu, vipewe taa, vitabu na posho ndogo kwa anayefundisha. Madarasa ya shule za serikali yanafungwa saa kumi, yaachwe wazi hadi saa mbili usiku. Hiyo haihitaji sera mpya yenye jina refu. Inahitaji ufunguo na mlinzi.

Na wewe uliyemaliza, uliyepata hata C kama mimi: mtaani kwenu, saa kumi na moja jioni, nani anashika chaki?